"Leave" au "leave from"? Mwongozo kamili wa kuunganisha vitenzi viwili vya Kiingereza kabla ya kihusishi

Msimu wa wageni ukikaribia hapa Lamu, naletewa matangazo ya Kiingereza niyapitie: ya safari za mashua, ya vyumba vya wageni, vibao vya kubandikwa mlangoni, na siku hizi zaidi ujumbe wa WhatsApp. Msamiati huwa mzuri. Tahajia simu huirekebisha yenyewe. Linalobaki ni kosa moja ambalo simu mara nyingi hulipita tu, na hata waliofaulu vizuri shuleni wanalo:

"Boats leave and arrive at the main jetty."

Mgeni ataelewa. Lakini sentensi hii ina kipande kilichopotea, na ukiizoea kwenye kibao utaipeleka kwenye barua ya kuomba kazi na kwenye mkataba wa nyumba. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kukitafuta kipande hicho na mahali pa kukirudisha.

## Kwa nini sisi hasa tunaikosea

Sema kwa Kiswahili: "Mashua hutoka na kufika gatini." Haina doa. Hiyo "-ni" ya mwisho haibagui: unatoka gatini, unafika gatini, unakaa gatini, unapita gatini. Mwelekeo umo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo vitenzi viwili hutumia "gatini" moja bila kugombana.

Kiingereza mara nyingi huuweka mwelekeo nje ya kitenzi, kwenye neno dogo: "from", "at", "to", "in", "through". Mashua ina-"leave from" na ina-"arrive at". Ukiandika "at" peke yake, "leave" imeachwa bila neno lake.

Kuna na mlango wa pili wa kosa hili. Vitenzi kama ngojea, lipia, sikiliza na tegemea hupokea mtu au kitu moja kwa moja, bila neno la kati. Wenzao wa Kiingereza hulidai: "wait for", "pay for", "listen to", "depend on". Anayefikiri kwa Kiswahili haoni pengo, kwa sababu kwake hakuna pengo.

## Vitu vya kuandaa

Sentensi yako, imeandikwa kwenye karatasi. Kwenye simu kidole hukimbia kuliko jicho.

Kalamu mbili za rangi tofauti.

Kamusi ya Kiingereza ya wanaojifunza lugha, ile inayotoa sentensi ya mfano chini ya kila kitenzi. Kamusi ndogo ya Kiingereza kwa Kiswahili haitoshi hapa: itakwambia "depend" ni kutegemea, basi, isikwambie kwamba neno linalofuata ni "on".

Na istilahi chache. Kitenzi unakijua. Kiunganishi ni "and", "or" au "but". Kihusishi ni yale maneno madogo niliyotaja. Kihusishi pamoja na nomino yake, kwa mfano "at the main jetty", shuleni huitwa kirai kihusishi. Hapa nitakiita mkia, maana hukaa nyuma na ndicho kinacholeta matata.

## Hatua ya 1: Tia rangi

Kwa kalamu ya kwanza pigia mstari vitenzi viwili. Kwa kalamu ya pili pigia mstari mkia, kisha zungushia duara kihusishi peke yake.

Duara hilo lina kazi. Wengi huuona mkia kama kitu kimoja kisichokatika, kumbe una vipande viwili: kihusishi na nomino. Mara nyingine vitenzi hushirikiana mkia mzima, mara nyingine nomino tu. Usipovitenganisha kwa macho, hatua inayofuata itakupiga chenga.

Umefanikiwa ikiwa una rangi ya kwanza mahali pawili, rangi ya pili mahali pamoja, na duara moja. Ukikuta vitenzi vitatu au zaidi, ikate sentensi kwanza.

## Hatua ya 2: Kila kitenzi kisimame peke yake

Hii ndiyo hatua inayobeba kazi yote. Andika sentensi mbili, kila moja na kitenzi kimoja na mkia ule ule:

"Boats leave at the main jetty."
"Boats arrive at the main jetty."

Ya pili iko sawa. Ya kwanza inasikika vibaya, na ukifungua kamusi utaona kwamba mahali safari inapoanzia hutanguliwa na "from" ("leave the jetty" bila kihusishi ipo pia, kwa maana ya kuiacha gati). "Leave at" ipo, ila hufuatwa na saa: "leave at nine".

Sasa jaribu hii: "The tour starts and ends at Lamu Fort." Ziara ina-"start at", ziara ina-"end at". Zote mbili zinasimama. Usiguse kitu.

Onyo: usipime kwa kutafsiri. Ukijiuliza "je, mashua hutoka gatini?" jibu litakuwa ndiyo kila mara, na hujajifunza lolote. Pima Kiingereza kwa Kiingereza, na penye shaka kamusi iamue.

## Hatua ya 3: Chagua dawa

Baada ya jaribio hilo utajikuta kwenye mojawapo ya hali zifuatazo.

Vihusishi vinafanana. Kiandike mara moja, mwishoni. "We sail and fish around Manda." Ukikirudia si kosa, ila sentensi inakuwa nzito bure.

Vihusishi vinatofautiana. Kila kitenzi kipewe chake, nomino ije mwisho: "Boats leave from and arrive at the main jetty." Watu huiogopa sura hii, wakidhani kihusishi hakiwezi kufuatwa na "and". Kinaweza. "From" inaisubiri nomino iliyo mbele, na nomino inakuja.

Hata hivyo, mimi siipendi kila mahali. Kwenye kibao cha gati au kanuni za nyumba inafaa, kwa kuwa ni fupi na haina utata. Kwenye tangazo la kumvuta mgeni inasikika kama hati ya wakili. Hapo maliza kitenzi cha kwanza na mkia wake, halafu tumia kiwakilishi. Badala ya "Listen to and look at the drummers", andika "Listen to the drummers and watch them". Badala ya "leave from and return to the jetty", andika "leave from the jetty and return there".

Angalia hiyo "there". Haitaki "at" wala "to" mbele yake hapo. "Return to there" na "arrive at there" ni makosa ninayoyaona mara kwa mara, na huwapata wale waliokwisha kujifunza kuwa kila kitenzi kina kihusishi chake wakaongeza bidii kupita kiasi.

Kitenzi kimoja hakitaki kihusishi kabisa. Hapa ndipo waandishi wazuri huanguka. Chukua "enter". Sisi huingia ngomeni, kwa hiyo mkono unaandika "enter into the fort". Mahali unapopaingia kwa miguu, "enter" haihitaji neno la kati: "enter the fort". "Walk" inalihitaji: "walk through the fort". Ukiviunganisha, kinachoshirikiwa ni nomino peke yake:

"Visitors enter and walk through the fort."

Ni sahihi, ingawa kitenzi kimoja kina kihusishi na kingine hakina. Kwa njia hiyo hiyo: "We repair and look after dhows", kwani unasema "repair dhows" bila neno la kati, na "look after dhows" pamoja nalo.

Vitenzi vya namna hii ukivikariri vitakuokoa: "enter", "visit", "reach", "discuss", "contact", "await", "approach". Vyote hugusa nomino moja kwa moja katika matumizi yetu ya kila siku. "Discuss about the price" na "reach at Shela" zimeenea Kenya nzima, na kuenea hakuzisahihishi. Ukitaka kuzungumzia bei na nahodha, andika "Discuss and agree on the price". Baadhi ya Waingereza huandika "agree the price" bila "on". Hawajakosea, lakini "agree on" inakubalika kote, basi shika hiyo.

Kitenzi kimoja hakiuhusu mkia hata kidogo. "We meet and carry guests to the hotel." Jaribu: "meet guests to the hotel"? Huwezi kumlaki mtu kuelekea hotelini. Hakuna kihusishi cha kuongeza hapa kitakachoponya sentensi, kwa sababu kulaki kunatokea mahali pengine. Uwanja wa ndege uko kisiwani Manda na hoteli iko ng'ambo, basi kila kitenzi kipate mkia wake: "We meet guests at the airport on Manda and carry their bags to the hotel."

Dalili ya kufaulu: ukirudia jaribio la Hatua ya 2 kwenye sentensi mpya, pande zote mbili zinasimama.

## Hatua ya 4: Vitenzi vifanane umbo

Kiswahili huruhusu kitenzi cha kwanza kibebe nafsi na wakati, cha pili kije na "ku-" tu: "Nahodha alitia nanga na kupika." Tabia hiyo ikiingia kwenye Kiingereza huzaa "The captain anchored and to cook" au, kwa wanaojitahidi, "anchored and cooking".

Kiingereza kinataka vifanane: "anchored and cooked near the beach", "will clean and paint", si "will clean and painting", "after swimming and eating", si "after swimming and eat".

Inayopotea zaidi ni ile "s" ya nafsi ya tatu umoja. "Our boat leaves from and return to Lamu." Mwandishi aliikumbuka kwenye "leaves", akachoka njiani. Mashua ni ile ile moja: "leaves from and returns to". Soma kitenzi cha pili peke yake na kiima chake, "our boat return", na sikio litakukamatia kosa.

Hatua fupi, lakini usiiruke. Kazi nzuri ya vihusishi huharibiwa na herufi moja.

## Hatua ya 5: Mkia ni wa nani?

Sasa sarufi iko sawa. Bado maana inaweza kukuponyoka, na hapa ndipo wageni hucheka kimya kimya.

"Guests may eat and swim in the pool."

Hakuna kosa la kisarufi. Unaweza kula ndani ya bwawa, ukitaka. Lakini mwenye nyumba hakukusudia sahani zielee majini. Mkia ulio mwisho wa vitenzi viwili unaweza kusomwa kuwa wa vyote viwili au wa kile cha mwisho tu, na msomaji hana namna ya kukuuliza.

Ukitaka mkia uwe wa vyote viwili, usogeze mwanzo: "On the boat, we cook and sing." Hapo hakuna wa kubishana, kupika na kuimba kote ni chomboni.

Ukitaka uwe wa kimoja tu, uweke mara moja baada ya kitenzi hicho, na kingine ukipe mkia wake: "Guests may swim in the pool and eat on the terrace."

Njia nyingine ni kuingiza "then" kati yao. Linganisha "The crew fishes and cooks on the beach" na "The crew fishes off Manda Toto, then cooks on the beach". Ya kwanza inamwacha mgeni akidhani samaki huvuliwa kwa kusimama mchangani. Ya pili inamchorea safari nzima: kwanza kisiwa kidogo, kisha moto ufukweni. Na hiyo ya pili, kusema kweli, inauza zaidi.

Umefaulu ikiwa mtu asiyeijua biashara yako anaweza kukuonyesha kwa kidole kila tendo linafanyika wapi.

## Hatua ya 6: Chagua kiunganishi kwa uangalifu

"And" siyo dawa ya kila kitu. Kwenye makatazo, sisi husema "Usivute sigara wala usipike chumbani." Kazi ya "wala" hiyo, Kiingereza huifanya kwa "or":

"Do not smoke or cook in the rooms."

Ukiandika "Do not smoke and cook in the rooms", mkaidi anaweza kuelewa kwamba umekataza kuvitenda pamoja. Kimoja kimoja ni ruhusa. Vibao vya makatazo ndivyo vya kukaguliwa kwanza katika nyumba ya wageni, kwa kuwa ndivyo watu huvitafutia mwanya.

"But" hufaa pale unaporuhusu moja na kukataza lingine kwa mkia ule ule: "You may sit but not sleep on the rooftop." Jaribio la Hatua ya 2 linatumika vile vile: "sit on", "sleep on".

Kwa "either" na "or", kiunganishi kikae jirani na vitu vinavyochaguliwa. Ikiwa uchaguzi ni wa matendo: "You can either eat or rest on the roof." Ikiwa uchaguzi ni wa mahali: "You can eat either on the boat or on the beach." Wengi huandika "either eat on the boat or on the beach", haimpotezi mtu, ila pande mbili hazilingani na mhariri makini ataisogeza.

## Hatua ya 7: Alama ya mkato

Kiima kikiwa kimoja na vitenzi viwili, mkato hauhitajiki kabla ya "and". Kwenye "The guide waits at the jetty, and carries your bags", ondoa mkato.

Penye vihusishi viwili tofauti unaweza kutia mikato, lakini iwe jozi: "leave from, and arrive at, the main jetty". Mkato mmoja bila mwenzake ni kosa. Sentensi ikiwa fupi, acha bila mikato kabisa.

## Kituo kidogo: "pick and drop"

Hili linastahili nafasi yake, maana limeandikwa kila pembe ya nchi hii. "We pick and drop guests at the airport." Vitenzi vilivyokusudiwa ni "pick up" na "drop off". Hivyo vijineno "up" na "off" si sehemu ya mkia, ni sehemu ya kitenzi, na vikidondoka maana hubadilika. "Pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma, na mgeni si embe. "Drop" peke yake, kwa mwenye masanduku ya kuvunjika, haileti faraja.

Andika: "We pick up and drop off guests at the airport." Jaribio linapita, kwani vyote viwili hukubali "at". Katika Hatua ya 1, vijineno hivi vipigie mstari kwa rangi ya vitenzi, usivizungushie duara.

## Zoezi zima, kutoka mwanzo hadi mwisho

Nimeunda tangazo hili kwa kukusanya makosa ya kawaida:

"Our boat leaves and return to the Lamu jetty. We pick and take guests to Takwa. You can swim and eat in the channel. Do not smoke and stand near the mast. Kindly discuss about and agree the price with the captain."

Sentensi ya kwanza. "Leaves to the jetty" ina maana ya kuelekea gatini, kinyume cha ilichokusudia. "Return" imekosa "s". Tunapata: "Our boat leaves from and returns to the Lamu jetty."

Ya pili. "Pick up guests to Takwa" haisimami, kwa sababu wageni wanachukuliwa huku, magofu ya Takwa yako kule Manda. Mikia miwili basi: "We pick guests up at the jetty and take them to Takwa."

Ya tatu ni ile ya bwawa kwa sura nyingine. Chakula huliwa chomboni: "You can swim in the channel and eat on board."

Ya nne ina makosa mawili yaliyofichana. Kwanza "and" kwenye katazo. Pili, mkia "near the mast" unaweza kusomwa kuwa wa kuvuta sigara pia, na mgeni akahamia tezi, nyuma ya mashua, na sigara yake akiamini ametii. Nahodha anakataza sigara mashua nzima: "Do not smoke on board or stand near the mast."

Ya tano ina mikia miwili. "Discuss the price with the captain" inasimama, na "agree on the price with the captain" inasimama. "About" inaondoka, "on" inaingia: "Please discuss and agree on the price with the captain."

Soma sasa tangazo lote kwa sauti:

"Our boat leaves from and returns to the Lamu jetty. We pick guests up at the jetty and take them to Takwa. You can swim in the channel and eat on board. Do not smoke on board or stand near the mast. Please discuss and agree on the price with the captain."

Neno "jetty" limejirudia karibu karibu. Si kosa, lakini kama linakukera badilisha sentensi ya pili iwe "We pick guests up there". Na kwa kuwa kwenda Takwa kwa njia ya mikoko hutegemea maji kujaa, ongeza saa ya kuondoka baada ya kutazama maji ya siku hiyo. Saa iandike kwa hesabu ya mgeni: saa tatu yetu ya asubuhi kwake ni "9 a.m."